Kipimo Kisichoruhusiwa Kivulini

Arudiye kutoka mbali huongeza chumvi, na wasikilizaji humsamehe kwa kuwa wao hawakwenda. Mimi ni fundi mizani pale Ngamiani, Tanga, na kazi hii imeniharibia raha hiyo. Miaka ishirini na saba nimegombana na wauza nyama kwa ajili ya gramu kumi, hata mke wangu husema kwamba mtu akinisalimu "habari za siku nyingi" mimi humwuliza ni siku ngapi. Kwa hiyo niliyoyaona katika nchi ya Kivulini nitayasema kwa uzani wake, bila kuzidisha wala kupunja.

Nilivyofika sitaeleza. Barabara zao ni mbovu kama zetu, na maofisa wao wa mpakani wana usingizi kama wetu. Kilicho tofauti ni jua. Jua la kule ni kali kiasi kwamba watu wangekuwa wamekwisha zamani kama si kitu wanachokiita Utando. Ni mfano wa shela nyembamba iliyotandwa juu ya nchi nzima, juu kuliko mawingu, wala haionekani kwa macho. Aliyeusuka hawamjui, wao waliukuta. Huuachia mwanga upite pamoja na joto la kuivisha mpunga, bali huuzuia ule ukali unaobabua ngozi na kupofusha macho. Unene wake huupima kwa kifaa na kuuhesabu kwa nyuzi, na desturi yake ni nyuzi mia tatu. Waliniambia kwamba kama ungeteremshwa wote ukalazwa chini, usingezidi unene wa soli ya kandambili iliyochakaa.

Kwa kuwa hauonekani, hauzungumzwi. Kinachozungumzwa Kivulini ni Upole.

Upole ni hewa baridi inayotiwa katika makopo. Ukibonyeza kichwa cha kopo hutoka kwa mlio mdogo, fsss, na hapo hapo pana ubaridi. Kwa Upole hupoza maji na samaki, hutengeneza nywele za maharusi, hufukuza mbu, na hujaza magodoro yakawa laini kama mkate wa kumimina. Hauna harufu, hauwaki moto, hauna sumu. Mgeni akibisha hodi, mwenyeji hampi mkono. Humnyunyizia Upole viganjani, na mgeni naye hutoa kopo lake akarudisha. Kumpokea mtu bila kumnyunyizia ni sawa na kumwambia aondoke. Siku yangu ya kwanza nilinyunyiziwa mara thelathini na moja, na usiku mikono yangu ikawa kama imetoka kwenye barafu.

Kila mwaka, Siku ya Kopo, Waziri wa Ubaridi hupanda jukwaani mbele ya umati. Huvuta Upole kifuani mpaka mashavu yakamvimba, kisha huupuliza juu ya mshumaa. Mshumaa huzimika, Waziri haanguki, na watu hupiga vigelegele. Hiyo ndiyo hoja yao yote, nami nakiri kwamba si hoja ya kipumbavu: kisichomdhuru aliyekivuta kitamdhuru nani?

Aliyeniita alikuwa Waziri huyo mwenyewe, Mheshimiwa Vuai, mtu mnene mwenye adabu nyingi na sauti ya kubembeleza. Alisema kifaa cha kupimia Utando kilichoko Ncha, wilaya yao ya mwisho upande wa kusini, kinatoa vipimo visivyoruhusiwa, nami nikakitengeneze. Nilimwuliza kipimo kinawezaje kutoruhusiwa. Akafungua kitabu cha sheria akanisomea Kanuni ya Mia Mbili. Ilisema kwamba, kwa kuwa Utando haujapata kupungua chini ya nyuzi mia mbili tangu uanze kupimwa, kipimo chochote kilicho chini ya hapo si kipimo bali ni kosa. Na kosa lina mwenyewe, ama kifaa ama mpimaji. Kifaa kikionekana kibovu, kitengenezwe. Kikionekana kizima, basi macho ya mpimaji ndiyo mabovu. Aachishwe kazi na kituo chake kifungwe.

Nikamwuliza, na Utando wenyewe je? Mheshimiwa Vuai alinitazama kama nimemwuliza iwapo mlima umehama jana. Kisha akaninyunyizia viganja kunitakia safari njema.

Ncha ni nchi ya wafugaji, pana na kavu, yenye miezi mitatu ya kipupwe ambayo jua halionekani kabisa. Mimi nilifika jua lilipokuwa limerudi, wiki ya pili. Kitu cha kwanza nilichokiona ni majani ya maharage yaliyojikunja pembeni kama karatasi iliyopitishwa jirani na moto. Cha pili ni mbuzi waliokuwa wakigonga vichwa kwenye nguzo za zizi lao wenyewe. Wachungaji walikuwa na malengelenge shingoni na machozi yasiyokatika, na kila niliyemwuliza alisema ni vumbi la mwaka huu. Mwaka jana pia walikuwa wamesema ni vumbi la mwaka ule.

Mpimaji aliitwa Bi Miza. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye ukimya wa mtu aliyezoea kungoja mshale wa kifaa utulie ndipo aseme. Alikuwa amekaa kituoni miaka ishirini na miwili. Nilipobisha nikanyoosha viganja, maana nilikuwa nimekwisha kuzoea, yeye alinipa kata ya maji ya mtungi.

"Usinione mkavu, Fundi," alisema. "Kopo halimo humu ndani. Kunywa maji, yamepoa vya kutosha."

Kifaa chake nilikifungua skrubu kwa skrubu, siku tatu. Huchukua mwanga wa jua, kikapima ni ukali kiasi gani umepenya. Ukali ukizidi, ujue nyuzi zimepungua. Nilikijaribu kwa taa yangu ambayo nguvu yake naijua kama ninavyolijua jina langu, na kila mara mshale ulisimama panapostahili. Nikakielekeza juani, nikausoma mshale mwenyewe: nyuzi mia na arobaini na sita. Nikapangusa kioo, nikausoma tena. Mia na arobaini na sita.

Jioni ile Bi Miza alinieleza kile alichokifahamu kwa miaka mingi ya kuangalia na kuandika. Upole haumdhuru mtu kwa sababu haushikani na kitu chochote. Hauozi, hauyeyuki mvuani, haufi. Basi hupanda, pole pole, miaka na miaka, mpaka unafika juu kwenye lile jua kali lisilochujwa. Huko ndiko unakovunjika, na ndani yake hutoka kichembe kimoja chenye tabia ya kufumua. Hufumua uzi, kikaachana nao, kikaenda kwenye uzi mwingine, na mwingine, bila chenyewe kuisha. Miezi ya kipupwe vichembe hivyo hukusanyika juu ya Ncha, kwenye baridi, vikingoja. Jua likirudi huanza kazi, na kwa wiki chache Utando wa pale hubaki matambara. Ndiyo maana wanaobonyeza makopo wako mjini, na wanaopofuka wako Ncha.

Nilimwuliza kama amewahi kuyaandika hayo. Akasema ameyaandika kila mwaka, na kila mwaka yamerudishwa na muhuri mwekundu wa KOSA.

Basi nikaona mtego ulivyotegwa. Nikisema kifaa ni kibovu, yeye anabaki na kazi yake. Nikisema ni kizima, anafukuzwa, na Ncha haipimwi tena na mtu yeyote. Nilimpenda yule mama, nasema wazi. Nikamwambia ninaweza kuandika kwamba springi imelegea, na hakuna fundi Kivulini atakayejua.

"Na vipimo vyangu vitakwenda wapi?" aliuliza.

Nikasema vitakwenda kwenye droo ya makosa, vilikokwenda vyote.

"Sasa mimi nitabaki hapa nikifanya nini?" Akanisogezea kalamu. "Andika ulichokiona, Fundi. Hata kikiniondoa."

Niliporudi mjini nilikwenda kwanza kuiona hiyo droo. Ilikuwa chini ya karani mmoja aitwaye Pandu, mtu wa makamo, msafi, mwenye cheo rasmi cha Karani wa Makosa. Kazi yake ilikuwa kupokea vipimo visivyoruhusiwa, kuvigonga muhuri na kuvifungia. Alinikaribisha kwa mnyunyizo mrefu na kunifungulia droo bila wasiwasi. Nilimwuliza kama amewahi kuyapanga makosa yale kwa miaka yake. Alisema hapana, kwa kuwa sheria haimtaki mtu kuyasoma makosa.

Tukayapanga sakafuni. Mwaka wa kwanza mia na tisini na nane. Kisha mia na tisini na moja, mia na themanini na tisa, mia na themanini. Miaka kumi na sita, yote kutoka Ncha, yote ya wiki zile zile jua linaporudi, na kila mwaka chini ya mwaka uliotangulia. Nilimweleza Pandu ninachokijua kwa miaka yangu ishirini na saba. Mizani mbovu hukosea ovyo, leo juu kesho chini. Au hukosea kila siku kwa kiasi kile kile. Sijaona mizani inayougua wiki sita kila mwaka halafu ikapona yenyewe. Macho nayo hayapofuki kwa msimu. Makosa hayajui kupanga foleni.

Pandu aliinama, akazisoma tena zile karatasi kuanzia ya kwanza. Akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo. Akaketi kitini, akasema kwa sauti ya chini kwamba kila moja ya karatasi zile imegongwa muhuri kwa mkono wake.

Siku ya Baraza ukumbi ulijaa, na ubaridi wa Upole ulikuwa mwingi kiasi kwamba wajumbe walivaa makoti. Nilitoa ushahidi wangu kwamba kifaa ni kizima. Akafuata daktari wa serikali. Alikuwa amempima Bi Miza, akasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho aliyekomaa, na la kushoto limeanza. Ukumbi ukaguna kwa huruma. Mheshimiwa Vuai akatikisa kichwa; mambo yalikuwa yamekwisha.

Bi Miza akaomba kumwuliza daktari swali. Alimwuliza mtoto wa jicho wa aina ile huletwa na nini. Daktari akasema huletwa na umri, na tena huletwa na ukali wa jua. Akamwuliza wachungaji wa Ncha wenye miaka ishirini na mitano wameletewa na umri upi. Akamwuliza na mbuzi. Daktari akamtazama Waziri, kisha akasema swali la mbuzi liko nje ya taaluma yake.

Hapo mjadala ukawaka. Mjumbe mmoja alisema Upole hauwezi kuwa na hatia, maana Ncha hakuna makopo, na sahani chafu haikutwi nyumbani kwa asiyekula. Mwingine alisema hata kama Utando umepungua kidogo, dawa ni ndogo: watu wa Ncha wagawiwe kofia pana na miwani myeusi. Akaulizwa kuhusu mbuzi na maharage. Alijibu kwamba jambo hilo linaweza kuundiwa kamati. Mzee wa sheria akakumbusha kwamba Kanuni inatambua watuhumiwa wawili tu, kifaa na mpimaji, na kwamba Utando hauwezi kushtakiwa kwa sababu hauna anwani. Nilisema yeyote anayetaka aje asome mshale mwenyewe. Nikaambiwa kusoma mshale ni kazi ya mpimaji peke yake, na mpimaji ni kipofu.

Hata hivyo Mheshimiwa Vuai hakuwa mtu katili. Hakupenda kumfukuza mbele ya watu mjane aliyetumikia miaka ishirini na miwili. Alisimama, akapangusa uso, akatoa suluhisho ambalo kila mtu alilipokea kwa makofi. Tatizo, alisema, ni ile mia mbili. Tuiondoe, tuweke mia moja. Kipimo cha mia na arobaini na sita kitakuwa kimeruhusiwa, kifaa kitakuwa kizima, macho ya Bi Miza yatakuwa mazima kisheria, na Utando utakuwa katika hali yake ya kawaida.

Nilishikwa na hasira ambayo sijapata kuishika hata buchani. Nimewakamata watu sokoni wakisogeza sifuri ya mizani. Sikuwa nimewahi kuona serikali ikiisogeza, tena kwa kupiga makofi.

Bi Miza aliinua mkono. Aliuliza tu kama mabadiliko hayo yatahusu na miaka iliyopita. Waziri, kwa ukarimu, akasema yatahusu yote tangu kipimo cha kwanza kilichotupwa, ili jina lake lisafishwe lisibaki na doa. Ikaandikwa. Bi Miza akashukuru, akaketi.

Nje ya ukumbi nilimlaumu. Nilimwambia amekubali kuzikwa ili asifukuzwe. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa maneno.

"Wewe umesomewa Kanuni ya kwanza, Fundi," alisema. "Hujasomewa ya pili."

Kanuni ya pili ilikuwa ya mababu zao, walioogopa sana jua. Ilisema kipimo chochote kilichoruhusiwa kiandikwe kwa rangi, kwa tarakimu kubwa, kwenye ukuta wa kila soko nchini, pamoja na mwaka wake, kabla ya siku thelathini kwisha. Kwa miaka mingi ukutani hapakuandikwa ila mia tatu, mia tatu, mia tatu, na watu wakaacha kutazama. Sasa ilimlazimu Pandu kuvipeleka vipimo vya Ncha vya miaka kumi na sita, vyote kwa pamoja, kwenye kila soko. Alivipeleka siku ya tatu. Alisema hakuona sababu ya kungoja thelathini.

Nilikuwapo soko kuu la mjini mchoraji alipomaliza. Mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya aliacha kazi, akasoma kutoka juu kwenda chini kwa sauti, mia na tisini na nane mpaka mia na arobaini na sita. Akaniuliza mwaka ujao itaandikwa ngapi. Nikamwambia mimi si mtabiri. Akasema yeye naye si mtabiri, lakini anajua hesabu ya kutoa. Watu waliokuwa jirani wakaanza kuzungumza wote pamoja.

Ilichukua miezi miwili. Makopo yalipigwa marufuku kwa sheria fupi kuliko zote walizonazo, na Mheshimiwa Vuai aliitia sahihi mwenyewe. Alisema maisha yake yote amejiuliza kama Upole unamdhuru aliyeuvuta, na hakuwahi kujiuliza unakwenda wapi baada ya kuupuliza. Nilimheshimu kwa neno hilo. Kwa muda watu wakawa hawajui wafanyie nini mikono yao wanapokutana, wakawa wanaikunja na kuikunjua kama wanaosubiri kupewa kitu.

Bi Miza aliombwa azungumze sokoni. Watu walitarajia kupongezwa, na yeye hakuwapongeza.

"Mmeacha leo, na mwakani kipimo kitashuka," aliwaambia. "Mwaka wa pili kitashuka tena. Msije mkasema mmedanganywa. Upole tulionyunyiziana siku ya harusi yangu bado uko njiani unapanda. Tunachokizuia ni ule wa wajukuu."

Kisha akatoa ufunguo wa kituo kifuani mwake, akamkabidhi Pandu mbele ya watu wote. Alieleza kwamba daktari hakusema uongo. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na kwa mwaka mzima alikuwa akisoma kwa lile la kushoto, akirudia mara tatu kila kipimo kabla ya kukiandika. Alipokuwa anashtakiwa hakuweza kuondoka, kwa kuwa wangekizika kipimo pamoja naye. Sasa kipimo kinaaminiwa, na kinachoaminiwa kisomwe na mwenye macho. Nililia pale sokoni, wala sioni haya kulisema.

Tangu nirudi Tanga, Pandu huniandikia kila mwaka. Barua yake ya kwanza ilisema mia na thelathini na tisa. Zilizofuata zilisema mia na thelathini na moja, mia na ishirini na saba, mia na ishirini na mbili. Mwaka ule wa nne wa marufuku mjumbe mmoja alileta hoja kwamba makopo yarudishwe, kwa sababu kuyaacha hakujasaidia. Hoja ilishindwa kwa kura tatu. Kisha miaka sita mshale ukakaa mia na ishirini na mbili bila kutikisika, na watu wakachoka kuangalia ukutani, na wengine wakakumbuka kwa sauti jinsi magodoro yalivyokuwa laini.

Barua ya mwaka wa kumi na moja ndiyo hii iliyo mbele yangu. Pandu anasema alisoma mshale, akafunga kituo, akaenda mbio nyumbani kwa Bi Miza, ambaye sasa haoni kabisa. Alimwambia mia na ishirini na tatu. Yeye hakufurahi. Alimwuliza kama amepangusa kioo, kama palikuwa na wingu, kama taa ya majaribio aliiwasha kwanza. Akamwambia uzi mmoja waweza kuwa vumbi, arudi akapime upya. Pandu alipima siku tisa. Siku ya kumi alirudi, akamkuta anakunywa chai, akamwambia uzi bado upo. Bi Miza akamtaka aitamke tarakimu polepole, naye akaitamka. Hapo yule mama akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa kanga, akalia mpaka chai ikapoa, kwa ajili ya uzi mmoja.